Albamu Tano za WITCH na Swali la Lugha: Usomaji kutoka Kasumbalesa

1. Utangulizi

Ukitoka Lubumbashi kuelekea kusini-mashariki unafika Kasumbalesa baada ya kilomita zipatazo 90. Hapo malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni kungoja kuvuka. Ng'ambo, katika Zambia, mji wa kwanza ni Chililabombwe, kisha Chingola, kisha Kitwe. Sisi tuliokulia mpakani tunajua kwamba umbali wa kwenda Kitwe hautofautiani sana na ule wa kwenda Lubumbashi.

Jina Chililabombwe ni la Kilamba, na maana yake ni mahali anapolia chura. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba *-lila* ni *-lia* ya Kiswahili ambayo haijapoteza *l* yake. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulitenganisha serikali mbili na migodi yake, lakini haukutenganisha mizizi ya maneno. Naanza na jambo hili dogo kwa sababu makala yote yatalirudia.

Katika semina moja ya Kitivo chetu nilipendekeza tusome nyimbo za WITCH, kundi la roki lililotokea Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwenzangu mmoja aliuliza: "Lakini wale wanaimba Kiingereza. Sisi wa lugha za Kiafrika tunatafuta nini humo?" Sikuwa na jibu. Kwa kweli nilikubaliana naye, nikajitungia dhana ya kazi: kwamba kundi lilianza kwa kuiga wageni, kisha albamu hadi albamu likarudi nyumbani, na kwamba lugha ya nyimbo ndiyo kipimo cha safari hiyo. Makala haya yanapitia albamu tano za msingi za WITCH na kueleza kwa nini dhana hiyo nimeiacha.

2. Kundi na wakati wake

WITCH ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza *We Intend To Cause Havoc*, yaani "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wake ni Emanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia Kitwe. Gitaa lilipigwa na Chris Mbewe na John Muma, besi na Gedeon Mulenga, kinanda na Paul Mumba, ngoma na Boidi Sinkala. Pamoja na makundi kama Musi-O-Tunya, Amanaz na Ngozi Family, waliunda mtindo unaoitwa leo Zamrock. Ni roki ya saikedeliki: gitaa la umeme lenye sauti iliyokwaruzwa, kinanda kinachovuma, mwangwi, na vipande virefu visivyo na maneno vinavyomtoa msikilizaji katika hali yake ya kawaida. Wazambia waliongeza humo midundo waliyokulia nayo.

Kwa nini Kiingereza? Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na mwaka 1966 Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Miji ya migodi ilikuwa na watu kutoka kila kona ya nchi, na redio ya taifa ilitangaza kwa Kiingereza na kwa lugha saba: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kijana wa Kitwe aliyeimba Kibemba aliwafikia wengi wa jirani zake. Akiimba Kiingereza, alifika Lusaka na Livingstone bila kuulizwa kabila lake.

Katika miaka hiyohiyo Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Tuangalie vizuri maana ya agizo hilo: lilihusu asili ya wanamuziki, si lugha ya nyimbo. Mzambia aliyeimba Kiingereza alihesabiwa kuwa wa nyumbani.

Upande wetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka 1972 wananchi walitakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya kiasili. Basi wakati kijana wa Lubumbashi analazimika kuacha jina la kigeni, Emanuel Chanda wa Kitwe alikuwa analichukua: jina lake la jukwaani, Jagari, linatokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Lakini tazama jinsi alivyolichukua. Jina linaloishia kwa konsonanti limepewa irabu ya mwisho, na kila silabi sasa imefunguka kama silabi za Kibemba na za Kiswahili zinavyofunguka. Ni utaratibu uleule uliotupa *kabati* na *baiskeli*. Mtu akiniuliza kama Jagari ni jina la Kiingereza au la Kibantu, sasa nasita kujibu, na kusita huko ndiko kulikoanza kuitikisa dhana yangu.

3. Albamu tano

*Introduction*, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, inatajwa kama albamu ya kwanza kurekodiwa na kuuzwa kibiashara Zambia. Majina ya nyimbo zote ni ya Kiingereza. Sauti yake ni mbichi: gitaa linakwaruza na kinanda kinajaza nafasi. Anayetafuta ufundi wa studio hataupata humu. Atapata vijana wanaojitambulisha mbele ya watu, kama jina la albamu linavyosema.

*In the Past* ilitoka mwaka 1974. Kundi limekomaa na kinanda kimepewa nafasi zaidi. Kwa anayeanza kusikiliza, hii ndiyo albamu ya kupima hatua ya kwanza: lugha ni ileile, ala ni zilezile, lakini wanamuziki sasa wanasikilizana.

*Lazy Bones!!* ya mwaka 1975 ndiyo ambayo wengi huiona kuwa kilele, nami naafiki. Gitaa linapitishwa kwenye pedali inayolifanya lilie kama mtu anayefungua na kufumba kinywa, mdundo ni mzito, na nyimbo kama "Black Tears" (machozi meusi), "Motherless Child" (mtoto asiye na mama) na "Strange Dream" (ndoto ya ajabu) zinaonyesha tangu majina yake kwamba furaha ya uhuru imeingia kivuli. Wakati wenyewe ulikuwa hivyo. Mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa mwaka 1973, bei ya shaba duniani ilianza kuporomoka mwaka 1974, na mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela iliyobeba shaba ya nchi zetu mbili hadi bahari ya Atlantiki. Msomaji wa Katanga hahitaji kuelezwa bei ya shaba ikianguka nyumba za mji wa mgodi huwaje.

*Lukombo Vibes* ya mwaka 1976 ndiyo ya kwanza yenye neno la Kibantu katika jina lake. *Lukombo* ni kikombe cha kibuyu. Wanafunzi wa mofolojia wataitambua *lu-* ya ngeli ya 11, ambayo Kiswahili sanifu kimeifupisha kuwa *u-*: Mbemba anasema *ululimi*, sisi *ulimi*. Neno la pili la jina, hata hivyo, ni la Kiingereza cha vijana, lenye maana ya mitetemo au hali inayosikika moyoni. Jina zima ni kinywaji cha kigeni kilichomiminwa katika kibuyu cha nyumbani, au kinyume chake. Muziki umelegea kidogo na midundo ya kienyeji inasikika zaidi, ingawa majina mengi ya nyimbo bado ni ya Kiingereza.

*Including Janet*, ya mwaka 1977, imechukua jina lake kutokana na wimbo uliovuma, "Janet". Ni nyepesi na ya kuchezeka zaidi ya zote. Humo mna wimbo "Nazingwa", neno la Kinyanja cha mjini ambalo mtu hulisema anapokwama na kukosa pa kutokea. Tuna *-zinga* katika Kiswahili, na *-zingira*, na kiambishi *-w-* cha kutendwa tunakifahamu: aliyezingwa ni aliyezungukwa pande zote. Mtu wa Kasumbalesa anaelewa neno hili kabla hajafundishwa.

4. Mahali dhana ilipovunjika

Hadi hapa dhana yangu ilionekana kupata ushahidi. Albamu tatu za Kiingereza, ya nne yenye jina la nusu kwa nusu, ya tano yenye wimbo wa Kinyanja: si ndiyo njia ya kurudi nyumbani? Ushahidi uliokataa ni wa aina tatu.

Kwanza, hesabu haikutii. Ningesimamia jina la *Lukombo Vibes* ningesema kundi limebadilika, lakini orodha ya nyimbo zake inasema halijabadilika sana.

Pili, tukisonga mbele ya albamu hizi tano, kipimo kinavunjika kabisa. Baada ya Chanda kuondoka, kundi lilitoa *Movin' On* mwaka 1980 na *Kuomboka* mwaka 1984. Kuomboka ni neno la Kilozi, la kutoka majini, na ni jina la sherehe ya mfalme wa Walozi anapohama bonde la Zambezi lililofurika. Hakuna jina la kienyeji zaidi ya hilo katika kazi zote za kundi. Lakini kundi lenyewe lilikuwa limehamia kwenye disko, muziki uliochezwa wakati huo karibu kila mji wa dunia. *Lazy Bones!!*, iliyoimbwa Kiingereza, ndiyo ambayo mtu akiisikia anasema: hii ni Zambia. Jina na muziki vinaweza kwenda njia tofauti.

Tatu, nilikigeuzia kipimo changu upande wetu. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, ni baba wa gitaa la Katanga. Namna yake ya kupiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada ilisikilizwa hadi Kenya. Aliimba Kiswahili. Lakini Kiswahili kilifikaje Katanga? Kililetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, wakati Msiri anatawala Bunkeya, kisha kikakuzwa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Hakikuwa lugha ya bibi zetu wengi. Kama Kiingereza cha Jagari ni cha kuazima, basi Kiswahili cha Bosco nacho kilikuwa cha kuazima, na hakuna kati yetu anayethubutu kusema kwamba nyimbo za Bosco si za kwetu.

Hapa ndipo nilipomrudia mwenzangu wa semina. Swali lake lilidhani kwamba lugha ina mwenye nyumba mmoja tu. Historia ya Lubumbashi yenyewe inakanusha. Swali linalofaa ni jingine: watu waliifanyia nini lugha waliyoikuta mikononi mwao? Bosco aliitia Kiswahili midundo ya nyumbani. WITCH walikiweka Kiingereza juu ya midundo ya Kitwe. Sisi wa Lubumbashi tunasema *katoto* kwa kiambishi *ka-* ambacho Kiswahili sanifu hakikitumii hivyo na Kibemba kinakitumia kila siku. Kazi hizi tatu ni za aina moja.

5. Kwa nini haraka

Uchumi ulipoanguka na baadaye UKIMWI ulipoingia, kizazi cha Zamrock kilipukutika. Katika safu ya WITCH niliyoitaja mwanzoni, aliyebaki hai ni Chanda peke yake. Yeye alipata kuwa mwalimu, kisha mchimbaji wa vito. Albamu zilipotolewa upya na kampuni ya Now-Again ya Marekani, dunia ilimtafuta. Filamu kuhusu kundi ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2023 ikatoka albamu mpya, *Zango*, iliyorekodiwa katika studio ya DB mjini Lusaka pamoja na wanamuziki vijana.

Mambo hayo ni ya kufurahisha. Hata hivyo wanaoandika juu ya kundi hili kwa kawaida ni wapenzi wa santuri wa Ulaya na Marekani. Wanajua aina ya gitaa na thamani ya santuri ya kwanza. Wachache wanaweza kusikia *-zinga* ndani ya "Nazingwa", au *lu-* ndani ya "Lukombo". Mwanafunzi wa Kitivo chetu anaweza, na anaishi mwendo wa saa chache kutoka mahali nyimbo zilipozaliwa.

6. Hitimisho

Ninapendekeza kazi ndogo ya uwandani. Kasumbalesa ina wazee waliovuka mpaka huu katika miaka ya 1970 kwa biashara, kazi za mgodi na ndoa. Yeyote kati yetu anayekwenda nyumbani likizo awachezee albamu hizi tano kwa mpangilio wa miaka, awaulize mambo matatu na kuyarekodi: wimbo upi waliujua, waliuimba kwa maneno gani, na maneno yale waliyaelewa kuwa ya lugha ipi. Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Nimeanza na wazee wawili wa mtaa wetu. Mmoja aliimba kiitikio cha "Janet" hadi mwisho, na nilipomuuliza ni lugha gani, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto, akajibu: "Ni ya kule Kitwe."

Jibu hilo nimeliandika kama lilivyo. Bado sijajua niliweke katika safu gani ya jedwali langu.