Macho meupe ya mbuzi: si minyoo peke yake

Ndugu wanamemba, mbuzi akikonda na macho yakiwa meupe, wengi wetu tunakimbilia dawa ya minyoo. Ni vizuri. Lakini akimeza dawa na bado hana nguvu, tuangalie kupe.

Kuko nini ndani ya damu?
Kupe anaweza kuleta kijidudu kinachoitwa anaplasma. Kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa mwilini, na kinazaliana humo. Bandama inazitambua chembe hizo na kuzivunja. Zikivunjwa haraka kuliko mwili unavyotengeneza zingine, mbuzi anapungukiwa damu. Na juu zinavunjwa ndani ya bandama, hapana ndani ya mishipa, mkojo haugeuki mwekundu. Basi usingoje mkojo wa damu.

Dalili
Kope ni nyeupe ndani, pengine manjano. Kuko homa. Anahema mbio, anabaki nyuma ya wenzake. Mwenye mimba anaweza kuitupa.

Tufanye nini?
1. Kila wiki funua kope penye mwangaza, linganisha na mbuzi mzima.
2. Toa kupe masikioni, chini ya mkia na kati ya kwato.
3. Sindano moja kwa mbuzi wawili, hapana! Damu inahamisha ugonjwa.
4. Mgonjwa usimkimbize, mletee majani na maji.
5. Ita muganga wa nyama mapema. Oksitetrasiklini inasaidia, lakini yeye ndiye anapanga kipimo.

Mbuzi ni minervali ya watoto. Kufunua kope hakuombi hata franka moja.