Mtoto Akikohoa Usiku, Tuanzie Kitandani



Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila juma: "Huyu mtoto ana aleji, tumwondolee nini?" Na mara nyingi tunapoulizwa, mzazi ameshaondoa kitu. Mmoja ameondoa mayai, mwingine maziwa, mwingine amemfukuza mbwa. Mtoto bado anakohoa. Sisi wenyewe tumewahi kutoa jibu la haraka, na tutaeleza hapa yaliyotupata, ili nanyi msirudie kosa letu.

Kwanza tuelewane aleji ni nini. Wengine huiita mzio. Ni mwili kukosea hesabu: unakutana na kitu ambacho kwa watu wengine hakina shida, kama vumbi la nyumbani au njugu, halafu unakipiga vita kama adui. Katika vita hivyo pua inatiririka, macho yanawasha, ngozi inatoka upele, au kifua kinabana na kulia kama filimbi. Hiyo ya kifua ikirudi tena na tena huenda ni pumu. Aleji haiambukizi, wala si jicho la mtu. Hutembea katika ukoo: baba au mama akiwa nayo, mtoto ana uwezekano zaidi wa kuwa nayo, hata kama yake itatokea kwa njia nyingine.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2020, ziwa letu lilipopanda na kuingia mtaa wa Kihoto, familia nyingi zilihama na vitu vichache walivyookoa. Familia moja ilipata chumba kimoja upande wa Karagita. Walikuwa na mvulana wa miaka saba. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 baada ya ule mfungo mrefu wa korona, kijana akawa anakosa siku moja au mbili kila wiki. Usiku anakohoa, asubuhi amechoka, mwalimu analalamika. Mama yake, ambaye anafanya kazi kwenye maua, akatuita.

Tulipoingia tulimkuta paka amelala juu ya kitanda. Tukasema mara moja, ni paka. Tulikuwa tumesoma kwamba paka huleta aleji, na hiyo ni kweli. Paka akapewa jirani. Haikuchukua wiki tatu panya wakaingia, na mende nao hawakubaki nyuma. Baba akanunua dawa, akapuliza jioni, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi, wakalala. Saa nane usiku kijana alibebwa kwa bodaboda kwenda hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini tuliposikia tuliona haya, maana ushauri wetu ndio ulioanzisha safari ile.

Basi tukarudi tukiwa wanyenyekevu kidogo. Tulimwomba mama achukue daftari la shule na kila asubuhi aandike: mtoto alilala wapi, alikohoa au la, jioni ile nyumbani kulifanyika nini. Mistari miwili tu. Likizo ya Machi ilipofika kijana akapelekwa kwa shosho yake Kinangop, na kwa vile tarehe 26 Machi serikali ilifunga njia za kutoka na kuingia Nakuru na kaunti nyingine nne, akakaa huko hadi Mei. Shosho ana ng'ombe, ana mbuzi, ana paka wawili. Mama alikuwa akipiga simu na kuandika. Katika wiki sita kijana alikohoa usiku mara mbili tu. Aliporudi Karagita, usiku wa pili kikaanza.

Daftari likatuambia kile macho yetu hayakuona. Kama ni paka, angeumwa Kinangop. Tukageuza godoro. Lilikuwa lile lililookolewa kwenye mafuriko, limeanikwa likakauka juu, lakini tulipofungua mshono, ndani lilikuwa jeusi kwa ukungu. Ukuta nyuma ya kitanda nao ulikuwa na maji, kwa sababu upande wa pili ni bafu la ploti na bomba lilikuwa linavuja. Halafu jiko la makaa linawashwa mlangoni na kuingizwa ndani likiwa bado linatoa moshi. Kwa shosho jikoni ni nyumba ya peke yake, na mtoto analala mahali pakavu.

Jambo hili lilikuwa limeshachunguzwa hapa kwetu Kenya muda mrefu. Mwaka 1995 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wa shule za msingi Nairobi: 77 wenye pumu wakalinganishwa na 77 wasio nayo. Mtoto aliyelala mahali palipoharibiwa na unyevu, uwezekano wa kuwa na pumu ulikuwa karibu mara 5. Kapeti katika chumba cha kulala, zaidi ya mara 3. Hewa chafu ndani ya nyumba, mara 2 na nusu. Mwaka 1998 wakatoa mengine: watoto walipimwa pumzi baada ya kukimbia, na kifua kilibana kwa karibu 23 kati ya 100 mjini Nairobi, lakini 13 tu kati ya 100 mashambani Murang'a. Huko Murang'a mifugo haikosekani.

Kwa hiyo tunawaambia akina mama: anzeni na kitanda. Mtoto hukaa hapo saa nane au tisa kila usiku, pua yake ikiwa juu ya godoro. Ndani ya magodoro na mito wanaishi vijidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Hawaumi. Wanakula vumbi la ngozi yetu, na kinyesi chao ndicho kinachosumbua. Wanapenda joto na unyevu, na wanachukia ukavu. Jua la Naivasha la saa sita ni dawa ya bure. Anika godoro na blanketi mara moja kwa wiki, pande zote mbili, na upige vumbi mtoto akiwa mbali. Shuka na foronya zioshwe kila wiki kwa maji ya moto. Ili vijidudu vife maji yafike digrii 60, yaani moto ambao mkono hauwezi kuvumilia. Kitanda kiachane na ukuta kwa upana wa mkono. Godoro lililolowa hadi ndani, hata kama linauma mfukoni, halifai tena kwa mtoto wa kifua.

Ukungu wa ukutani uoshwe kwa maji na sabuni, ukauke, lakini kama maji yanaendelea kuingia mtaosha mpaka mchoke. Hapo lazima mwenye ploti atengeneze. Yule wa Karagita alichukua miezi miwili na ziara nne za wanajumuiya.

Moshi ni jambo la pili. Nani hapa hana jiko la makaa au la kuni? Hatuwaambii mnunue gesi kesho. Washa jiko nje, liache mpaka moshi uishe kabisa, pika karibu na mlango ukiwa wazi, na likishamaliza kazi litoke. Kulala na jiko ndani kwa sababu ya baridi ya Julai kunaua familia nzima, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi wowote. Ile dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi. Chandarua ni afadhali. Baba anayevuta sigara avutie nje, na nje si mlangoni.

Kuhusu dawa za kupuliza mende: funika chakula usiku, ziba nyufa, toa takataka, na utumie mitego. Kama ni lazima kupuliza, iwe asubuhi, watoto wakiwa shuleni, na madirisha yakae wazi hadi jioni. Na ninyi mnaofanya kazi za maua, tunajua mtoto anakimbilia kukumbatiwa. Ngoja dakika tano. Vua nguo za kazi, osha mikono na uso, halafu umkumbatie. Nguo hizo zisioshwe pamoja na za mtoto. Vumbi la barabara la Januari na Februari hatuwezi kulizuia, ila kufagia tunaweza: nyunyiza maji kwanza.

Chakula ndicho kinacholaumiwa sana, na mara nyingi bila haki. Tumeona mtoto wa miaka miwili aliyekatazwa mayai, maziwa, samaki na maharagwe kwa ajili ya upele, akabaki na uji mweupe na chai. Upele haukuisha, na uzito ukashuka. Aleji ya chakula ipo, na kwa kawaida hujitokeza dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, tena kila mara chakula kile kile kikiliwa. Andika kwenye daftari umpelekee daktari kabla ya kuondoa chochote. Kuhusu njugu, mawazo yamegeuka kabisa. Zamani wazazi waliambiwa wachelewe kuzitoa. Mwaka 2015 uchunguzi wa London uliofuata watoto 640 waliokuwa katika hatari ya aleji ulionyesha kwamba waliolishwa njugu mapema walipata aleji hiyo kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Mtoto aliyefika wakati wa kuanza vyakula aweza kupewa njugu zilizosagwa laini ndani ya uji. Njugu nzima hapana, zitamkaba. Mwenye upele mkali wa ngozi aonwe na daktari kwanza.

Tuseme pia juu ya pampu, maana hofu yake ni kubwa. "Akizoea hataiacha." Si hivyo. Pampu hupeleka dawa kidogo moja kwa moja kifuani. Ile ya kufungua kifua, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hutumika mtoto akibanwa. Ile ya kuzuia hutumika kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima. Hapo ndipo wengi huiacha. Piriton haifungui kifua cha pumu.

Watoto hawawezi kuvuta pampu vizuri bila kifaa cha kati, na kifaa hicho ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya 500 ml inafanya kazi hiyo sawasawa. Toboa kitako chake kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, pampu iingie kwa kubana, ziba pengo kwa gundi. Osha kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kufuta. Mtoto ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake, tikisa pampu, bonyeza mara moja, apumue polepole mara tano au sita. Kisha tikisa tena na urudie, kadiri ulivyoagizwa. Kwa mtoto mdogo sana ulizeni hospitalini kifaa chenye kifuniko cha uso.

Usingoje asubuhi ukiona mbavu zinazama akipumua, hawezi kuongea au kunyonya, midomo inabadilika rangi, au pampu haisaidii. Vivyo hivyo midomo na ulimi vikivimba, au akitapika na kulegea baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki. Huyo anahitaji sindano hospitalini upesi. Njiani alale miguu ikiwa juu. Akishindwa kupumua, akae, lakini asisimamishwe.

Kijana wa Karagita bado ana pumu. Godoro alinunuliwa kwa mchango wa jumuiya, na muhula ule alikosa shule siku mbili. Paka hakurudi, alishazoea kwa jirani.

Kwa mazungumzo ya jumuiya: Nani katika mtaa wetu analala kwenye godoro la mafuriko hadi leo? Katika ploti zetu, ni nani atakayeongea na mwenye nyumba kuhusu maji ya bafu? Kila mmoja aje mkutano ujao na chupa moja tupu ya nusu lita.