Haipo, Haiko, Haimo: Faili Inapokosekana Katika Mfumo Endeshi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba "haipo", "haiko" na "haimo" si kauli moja. Ya kwanza hukana kuwapo mahali mahususi, ya pili mahali pasipo dhahiri, na ya tatu ndani ya kitu. Tofauti hii, ambayo wengi huiacha katika chumba cha mtihani, ina manufaa mbele ya tarakilishi iliyotiwa mfumo endeshi mpya kisha ikagoma kuwaka kwa madai kwamba faili fulani imekosekana. Ujumbe wa Kiingereza hautofautishi hali hizo. Mtumiaji huelewa "haimo", akaufuta mfumo wote na kuutia upya, na tasnifu iliyokuwa katika diski ikaenda nao. Aghalabu maana iliyokusudiwa ni "haipo" tu: faili haikupatikana pale ilipotafutwa.

Mfano uliozoeleka ni wa Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka wa 2001 na ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014. Tarakilishi iwashwapo, mfumo huo huitafuta faili ya NTLDR katika ngazi ya juu kabisa ya diski. Iwapo disketi au flashi imesahauliwa mahali pake, tarakilishi yaweza kutafuta humo na kulalamika bure. Kuichomoa ndiyo tiba. Iwapo faili imepotea kweli, tarakilishi huwashwa kwa sidii ya XP, herufi R hubonyezwa ili kuingia katika sehemu ya ukarabati, kisha NTLDR na NTDETECT.COM hunakiliwa kutoka folda ya i386.

Faili ya hal.dll ni mfano bora zaidi. Mara nyingi imo katika diski, salama salimini, ila boot.ini, ambayo ndiyo mwelekezi, inaonyesha sehemu isiyo sahihi ya diski. Amri ya bootcfg /rebuild humsahihisha mwelekezi huyo.

Kuanzia Windows Vista, BOOTMGR ilichukua nafasi ya NTLDR. Aliyetia XP baada ya Vista aliuona mfumo wa awali umetoweka, ilhali faili zake zote zimo. XP ilikuwa imeandika maelekezo yake juu ya yale ya mwenzake. Hapo hutumika sidii ya Vista na amri ya bootrec /fixmbr, ikifuatwa na /fixboot.

Mfumo ukiwaka lakini ukawa na kasoro, sfc /scannow hukagua faili zake na kurejesha zilizoharibika. Katika Windows 10 na 11, ikishindwa, ghala la faili hizo hutengenezwa kwanza kwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc hurudiwa.

VCRUNTIME140.dll, inayolalamikiwa sana programu zifunguliwapo baada ya usakinishaji mpya, ni suala jingine. Hiyo huja na kifurushi cha Visual C++, nacho huchukuliwa kwa Microsoft yenyewe. Kuokota DLL moja moja katika tovuti zisizojulikana ni kumkaribisha mwizi achunge mlango.

Na iwapo hapana budi kutia mfumo upya, tarakilishi huwashwa kwanza kwa Ubuntu iliyo katika flashi, bila kuisakinisha, na tasnifu ikanakiliwa katika diski nyingine kabla ya kufuta chochote.