SOMO LA WIKI: Mabwawa kumi, mkopo mmoja

Mfugaji wa kambamiti mwenye mabwawa 10 akiomba mkopo, benki huona afueni katika idadi hiyo: bwawa moja likifa, mengine tisa yatalipa deni. Yaliyotokea Asia yanafanya hesabu hiyo itazamwe upya.

Ugonjwa wa vifo vya mapema, kwa kifupi EMS, ulionekana China mwaka 2009, ukafika Vietnam 2010, Thailand 2012 na Mexico 2013. Mwaka huo wa 2013 kundi la Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona lilitambua chanzo chake, bakteria Vibrio parahaemolyticus wa aina inayotoa sumu. Sumu hiyo huharibu kiungo kifanyacho kazi ya ini. Vifo huja mara nyingi ndani ya mwezi mmoja hivi tangu vifaranga wamwagwe bwawani, na huweza kufikia asilimia 100. Uzalishaji wa Thailand ulishuka kwa takriban nusu kati ya 2011 na 2013, na bei ikapanda Marekani.

Kukadiria hatari, watakwimu huanza na regresheni ya lojistiki: bwawa limekufa au limesalimika, likilinganishwa na msongamano wa vifaranga, joto na chumvi ya maji. Katika umbo lake rahisi, kanuni hiyo huchukulia kwamba kila bwawa linajitegemea. Hapo ndipo penye hasara.

Tuseme hatari ya kila bwawa ni asilimia 20. Yakijitegemea, uwezekano wa yote 10 kufa ni kama mara moja katika milioni 10. Lakini tuseme vifaranga wote wametoka kituo kimoja cha kutotolesha, na ugonjwa, ukija, huja nao kwa mabwawa yote. Uwezekano sasa ni mara moja katika tano! Wastani haukubadilika, ni mabwawa mawili kwa kumi katika hali zote mbili, hivyo taarifa yenye wastani peke yake haimwonyi mkopeshaji.

Ukweli huwa katikati, kwani maambukizi hupita pia katika maji. Modeli iliyo bora huongeza kigezo cha kundi, yaani kituo cha vifaranga au mfereji wa maji, na kupima mabwawa ya kundi moja yanafanana kiasi gani. Kwa hiyo daftari la shamba lionyeshe, kwa kila bwawa, vifaranga walikotoka, tarehe ya kumwagwa, na matokeo ya kipimo cha PCR cha jeni za sumu hiyo.