Sababu na Tokeo katika Kiingereza

Angalieni maneno haya: “That is why” na “That is because”. Twakosea upesi, kwani Kiswahili chatumia neno “sababu” pande zote mbili: “ndiyo sababu” na “ni kwa sababu”.

Juma aliugua, hakuja shuleni. Twaweza kusema, “Juma was ill. That is why he was absent”: sababu yatangulia. Au, “Juma was absent. That is because he was ill”: tokeo latangulia.

Mwanafunzi mmoja aliandika, “Juma was ill. That is because he was absent.” Kumbe, asema kutokuja shuleni ndiko kulikomtia Juma ugonjwa!

Basi, kabla ya kuandika jiulize: Neno lifuatalo ni sababu au tokeo? Likiwa sababu, andika “because”. Likiwa tokeo, andika “why”.