Mchagulieni Mama Seva, Kisha Mkae Naye

*Shangazi, mimi ni katibu wa VICOBA hapa Bigwa, Morogoro. Tumeamua kutoka WhatsApp na kuhamia Matrix kwa programu ya Element. Shida ni seva, yaani kompyuta inayotunza akaunti: kina mama wakisikia wachague, wanaishia hapohapo. Kijana anayetusaidia anataka tuwape orodha wachague wenyewe. Tufanyeje?*

Mwanangu, hiyo orodha ichane. Mama aliyeamka alfajiri kupeleka mchicha Soko la Chifu Kingalu hana haja ya kulinganisha seva asizozijua. Mchagulie wewe, kisha kaa naye mpaka atume ujumbe wake wa kwanza.

Si lazima wote muwe kwenye seva moja, kwani seva za Matrix huwasiliana. Wa Voda humpigia wa Airtel, na huku ni vivyo hivyo. Ila kwenye simu, tangu Machi 2017, unahama mtandao na namba yako ileile. Matrix haina nafuu hiyo. Jina la seva limo ndani ya anwani, mfano @katibu:matrix.org, ukihama unapewa anwani mpya na kuingizwa upya kwenye kila kikundi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kasi, uliza nani anaiendesha, na kama mwakani atakuwepo.

Kijana wenu akijitolea kuweka seva kwenye kompyuta yake, mshukuruni, mkatae. Akipata kazi Dodoma, au LUKU ikiisha usiku, mtamtafuta wapi?

Ningekuwa wewe ningeanza na matrix.org, iliyo chini ya taasisi inayosimamia kanuni za Matrix yenyewe. Wapo wanaonung'unika kwamba watu wakijazana hapo, mtandao unarudi kuwa wa mtu mmoja. Wana hoja. Aprili 2019 wadukuzi waliingia humo. Watumiaji wote wakatolewa kwenye akaunti, na wasiokuwa na nakala ya funguo zao wakashindwa kusoma jumbe za zamani zilizosimbwa. Basi wewe na mweka hazina fungueni akaunti za akiba kwenye seva nyingine, kama tchncs.de ya Ujerumani ikiwa inapokea wapya, muingie kikundi kilekile mkiwa wasimamizi. Seva moja ikilala, walio kwenye nyingine wanaendelea kuandikiana.

Ufunguo wa kurejesha jumbe hizo zilizosimbwa kila mama auandike kwenye daftari lake la nyumbani, siyo leja ya kikundi. Akiupoteza, mwenye seva hana wa kumpa.

Huyo mwenye seva hawezi kusoma jumbe zilizosimbwa, lakini anaona nani yuko kikundi gani na ameandika saa ngapi. Jina la kikundi pia analiona, kwa hiyo msikiite "Wadaiwa Sugu".

WhatsApp msiifunge kabla marejesho ya mwezi huu hayajakamilika. Mwanachama aliye Kinole, ambako mtandao ni wa kubahatisha, mpeni muda zaidi, na bando lake la kupakua programu litoke mfuko wa jamii.