Dondoo muhimu: Bustani ya Qurum, Muscat

Saa ya kwenda. Kuanzia Mei hadi Agosti joto la Muscat huweza kupita nyuzi 40, kwa hiyo mgeni aende alasiri jua likipoa. Novemba hadi Machi hata mchana unatembeleka.

Siku. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Jioni hizo familia hutandika mikeka kwenye nyasi na kufungua birika za kahawa. Anayetaka utulivu achague katikati ya wiki.

Cha kutazama. Ziwa lenye chemchemi na bustani ya mawaridi. Jirani kuna msitu wa mikoko, hifadhi tangu 1975, ambako korongo husimama kwenye tope maji yakitoka. Msitu una uzio. Utazamwe kutoka nje.

Adabu. Mabega na magoti yafunikwe. Wanawake wasipigwe picha bila ruhusa. Mchana wa Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani.

Lugha. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanazungumza Kiswahili. Baada ya salamu ya Kiislamu, “Shikamoo, bibi” hufungua mazungumzo, na njia ya kwenda kwa wauza mishkaki huelekezwa bila kuomba mara mbili.